Msalaba wa Mzee Mendel

Hakuna namna nzuri ya kumwambia Mkristo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila kwamba kazini kwako mnahangaika kuondoa msalaba kwenye kaburi la askari. Caritas alijaribu kwa upole, akajaribu kwa utani, akajaribu hata kupitisha neno lenyewe harakaharaka katikati ya habari za watoto na bei ya samaki. Wapi! Dada yake Goreth, aliyekuwa upande wa pili wa simu huko Louisville, alisikia neno moja tu.

"Kuondoa? Msalaba? Wewe Caritas?"

"Siyo mimi, dada. Ni bibi yangu wa kazini."

"Ndivyo shetani anavyoanza, mdogo wangu. Anaanza na bibi wa kazini."

Ilipofika Jumapili habari ilikuwa imeshatoka Louisville, imepita Columbus anakoishi Caritas bila hata kumsalimu mwenyewe, imefika kwa binamu zao wa Buffalo na kurudi ikiwa imenenepa. Sasa Caritas alikuwa ameacha kanisa, anang'oa misalaba makaburini, na tena analipwa kwa saa. Mume wake Sylveri aliporudi kutoka ghalani anakofunga maboksi alimkuta jikoni, akavua viatu, akamuuliza kwa sauti ya huruma kama ukiung'oa msalaba Jumapili wanahesabu saa za ziada. Caritas alimrushia taulo la vyombo. Sylveri ana bahati kwamba lilikuwa taulo.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Caritas alikuwa akimtunza Bibi Harriet, mwanamke wa Kiyahudi wa miaka themanini na saba, mwalimu mstaafu wa jiografia, katika nyumba yake ya matofali mtaa wa Clintonville, hapo hapo Columbus. Miguu ndiyo iliyokuwa imemgomea bibi. Kichwa kilikuwa kizima, na ulimi ulikuwa mzima zaidi. Baada ya chakula cha mchana walikuwa wakicheza karata, na bibi alikuwa mwizi wa karata asiye na haya hata chembe. Caritas alimfundisha neno "pole", bibi akalipenda mno, akawa analibandika kila mahali. Mtu akipiga chafya, pole. Theluji ikianguka, pole. Akimshinda Caritas kwa karata aliyoificha mkononi, pole sana.

Bibi huyu alikuwa na kaka, Reuben. Aliuawa vitani mwaka 1944 huko Lorraine, Ufaransa, akazikwa huko huko, kwenye makaburi ya askari wa Kimarekani yenye misalaba myeupe ya marumaru, safu baada ya safu. Askari Myahudi huwekewa nyota ya Daudi badala ya msalaba. Reuben alikuwa Myahudi, mtoto wa Myahudi, na miaka yote hiyo alikuwa amelala chini ya msalaba. Sasa walikuwapo watu wa kujitolea waliokuwa wakitafuta makosa ya namna hiyo ili yarekebishwe. Walimpata Bibi Harriet, wakamwambia kwamba vitu viwili tu vinahitajika. Kwanza picha ya kaburi la baba, kwenye makaburi ya zamani ya Wayahudi huko Louisville, kuonyesha kwamba familia ilikuwa ya Kiyahudi. Pili sahihi ya ndugu aliye karibu na marehemu kuliko wote. Na ndugu huyo hakuwa Bibi Harriet.

"Reuben ana mtoto," bibi alisema siku hiyo, akiwa ameshika karata zake bila kuziangalia. "Anaitwa Lorraine. Alizaliwa baba yake ameshakufa, mama yake akampa jina la mahali alipolala mumewe. Anaishi Amherst, nje kidogo ya Buffalo. Nimempigia simu. Alisema asante kwa kupiga, akakata."

"Mtoto wa kaka yako akukatie simu wewe, shangazi yake?" Caritas alishangaa kwelikweli. Kwao shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Humkatii simu; unainuka kitini ndipo unaipokea.

"Ana sababu," bibi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Caritas amfahamu, aliweka karata zake mezani zikiwa wazi.

Reuben alikuwa ameoa msichana wa Kibaptisti, muuza duka wa hapo Louisville. Baba yao, Mzee Mendel, fundi cherehani na mtu wa dini hasa, alimwambia achague. Reuben alichagua. Basi mzee alifunika vioo vya nyumba, akachana kola ya shati lake, akawakalisha watu wote sakafuni, akamkalia mwanawe matanga, naye mwanawe yuko hai, anafanya kazi mitaa michache kutoka pale. Harriet alikuwa mtoto mdogo. Alikumbuka kwamba alipewa yai la kuchemsha, chakula cha wafiwa kwao, na akaambiwa kaka amekufa, na jioni yake alimwona kaka aliyekufa akipita barabarani na baiskeli.

"Mwaka uliofuata akafa kweli," bibi alisema. "Mama aliangua kilio. Baba akasema, mimi nilishamlilia, mtu hafi mara mbili. Hatukukaa. Hatukusema sala. Hakuna aliyefunika kioo."

Caritas naye aliweka karata zake chini. Amezika watu wengi kambini, na matanga anayajua mwanzo na mwisho wake. Unakaa na wafiwa, mnalia, mnakula kinacholetwa, halafu inafika siku mnayaanua, watu wanaoga, wanapika, wanacheka tena, na marehemu anakuwa wenu kwa amani. Matanga yasiyoanuliwa ni deni la nyumba nzima.

"Na hayo ya Reuben yalianuliwa lini?" aliuliza.

Bibi hakulijua neno, ikabidi aelezwe. Alipoelewa alizigeuza karata zake kifudifudi.

"Hayajaanuliwa," alisema. "Ndiyo shida yangu, Caritas. Nataka Reuben arudishwe kwao nikiwa bado nina macho ya kuona. Sina kingine ninachokitaka, labda magoti mapya."

Tangu saa hiyo jambo likawa la Caritas pia. Hapa tumseme kidogo, maana alianza vizuri akaharibu kwa woga. Alimpigia shemeji yake Mugisho, mume wa Goreth, Mkongo wa kabila la Washi kutoka Bukavu, kiongozi wa kwaya huko Louisville na mtu mwenye moyo kuliko akili ya kuuliza. Akamwomba aende kwenye yale makaburi, alitafute kaburi la Mzee Mendel, alisafishe kidogo kama ni chafu, alipige picha. Kwa nini? Caritas alikumbuka yale maneno ya kuondoa msalaba na safari yalizofanya, akaona asiyachokoze tena. Alisema tu ni baba wa bibi yake, na bibi hawezi kusafiri. Kwamba mzee alikuwa Myahudi hakutaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyajua hayo, ila siku ile aliona bora amani.

Picha ikaja Alhamisi, na sauti ya Mugisho ikaja nayo, imejaa furaha.

"Shemeji, kazi imeisha. Bon, tulikuta ile kaburi iko chafu, watu walitupa majiwe juu yake, sijui ni watoto. Tukatoa yote, tukapanguza, tukaosha na sabuni. Donc, tukaangalia hivi, hakuna hata musalaba. Muzee wa watu, shemeji! Tulisikia uchungu. Mama Ganza wa kwaya akasema hapana, hatuwezi kumuacha hivyo. Angalia vile tulimupanga."

Caritas aliangalia. Jiwe la kaburi lilikuwa linang'aa, herufi za Kiebrania zinasomeka moja moja. Na juu ya herufi hizo, umefungwa kwa waya kuanzia kichwani hadi chini, ulisimama msalaba wa mawaridi mekundu ya plastiki, mkubwa, wenye utepe wa dhahabu ulioandikwa "Pumuzika kwa Amani Papa Mendel". Pembeni kwaya nzima imejipanga na sare zake za kitenge cha njano, Mugisho mbele, mkono juu. Walikuwa wamependeza, hilo lazima lisemwe.

Aliketi kwenye ngazi za nyuma za Bibi Harriet akiwa na simu mapajani. Picha ya kuthibitisha kwamba mzee alikuwa Myahudi! Na yale mawe, ambayo yeye Caritas aliyajua kwa sababu bibi alimweleza, ni salamu. Myahudi akizuru kaburi huacha kijiwe, ijulikane kwamba mtu alifika. Kwaya ilikuwa imezoa salamu za miaka na kuzimwaga kwenye pipa. Alimpigia Mugisho. Simu iliita hadi ikachoka. Alikuwa kiwandani, zamu ndefu mpaka Ijumaa jioni. Na safari ya Buffalo ilikuwa kesho, kwa sababu Bibi Harriet alikuwa ameamua kwamba simu ni ya watu wanaojuana, damu inafuatwa kwa miguu, hata kama miguu yenyewe ni ya kukodi.

"Picha imekuja?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Bado, bibi," Caritas alijibu, na Mungu alimsikia.

Waliondoka asubuhi. Njia nzima, tangu wanaiacha Columbus, wanaipita Cleveland, wanalifuata ziwa upande wa kushoto, bibi alifundisha jiografia. Alieleza barafu ya zamani ilivyochimba lile ziwa, na kwa nini Buffalo inapata theluji ya kufukia magari, na kila alipomaliza somo aliuliza kitu kile kile kwa namna nyingine. Je, akikataa kufungua mlango? Je, akifungua na kukataa kusaini? Caritas alisema atasaini. Akasema hivyo mara nyingi kuliko alivyoamini.

Lorraine alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini, mrefu, mkutubi mstaafu wa chuo kikuu kilichoko hapo Amherst, na alikuwa na nyusi za Bibi Harriet. Hakuna mtu aliyehitaji kuonyeshwa. Nyusi zile zilikuwa zile zile, nene, zimepanda juu upande mmoja, zikitazamana mlangoni pale na nyingine za umri mkubwa zaidi. Aliwakaribisha vizuri, akasaidia kumwingiza bibi na kiti chake cha magurudumu, akaleta chai na mkate na samaki. Kisha akakaa na kukunja mikono.

"Nimesoma waliyonitumia," alisema. "Naelewa mnachotaka. Sitasaini. Nimeona ni heshima kukwambia usoni."

"Naomba nijue kwa nini," Bibi Harriet alisema.

"Kwa sababu huo msalaba aliuchagua mama yangu. Vita vilipoisha jeshi lilimuuliza mjane, kaburi liwe na alama gani. Hakujua ajibu nini. Akanibeba, akaenda nyumbani kwa baba yako kuuliza. Alibisha hodi. Alisikia watu ndani. Hakuna aliyefungua. Basi akarudi, akachagua ile alama aliyoijua, ile aliyotaka yeye mwenyewe akifa awekewe. Huo msalaba ndio kitu pekee walichobaki nacho pamoja. Na leo ninyi mliomzika akiwa hai mnakuja kuniambia ni kosa la kurekebishwa."

Caritas alitamani sakafu ipasuke. Bibi Harriet hakuinamisha macho.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," alisema. "Ulikuwa umevaa kiatu kimoja. Nilitaka kufungua, baba akanitazama, nikaogopa. Sikuja kumkosoa mama yako, Lorraine. Yeye peke yake ndiye aliyetimiza wajibu wake."

Lorraine alichukua birika. Alimimina chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa, akaifuta, akaimimina tena. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekwaruza kidonda chake makusudi, "Na yeye? Huyo mzee wenu. Ana kaburi zuri, bila shaka. Na nyota yake. Nionyeshe. Nataka kuona alivyolala huyo mtu ambaye hakuweza kutaja jina la mama yangu."

"Picha haijafika," Bibi Harriet alisema. "Si ndiyo, Caritas?"

Sasa angesema nini? Angeweza kusema ndiyo. Sylveri mpaka leo anamwambia kwamba yeye angesema ndiyo, angeomba choo kilipo, angekaa huko hadi jua lizame. Lakini bibi alikuwa amemgeuzia uso wa kumwamini kabisa, na Caritas hakuweza kuudanganya uso huo mara ya pili.

"Imefika, bibi," alisema. "Nilikuficha. Shemeji yangu na kwaya yake walikwenda kusafisha. Ni Wakristo, hawakujua, na mimi sikuwaambia, kosa ni langu. Waliona kaburi halina msalaba wakamhurumia."

Akaweka simu mezani, katikati ya mkate na samaki, akafumba macho.

Alifumbua jicho moja. Lorraine alikuwa amevaa miwani na ameinama juu ya simu.

"Hayo ni mawaridi?" aliuliza.

"Ya plastiki," Caritas alisema. "Hayafi."

"Na hapo pameandikwa nini?"

Caritas akamtafsiria. Pumzika kwa amani, Baba Mendel. Lorraine alirudia jina hilo polepole, Papa Mendel, akatazama kwaya ya njano, akamtazama Mugisho na mkono wake juu, akatazama tena msalaba uliokumbatia jiwe lote la yule mzee asiyetaka kusikia habari ya mkwe Mkristo. Akaziba mdomo kwa kiganja. Caritas alidhani ni kilio, akainuka kumshika. Kumbe ni kicheko. Kilianza kidogo, puani, halafu kikamshinda, akakiachia, akacheka hadi miwani ikaanguka kwenye samaki.

"Naye amevishwa msalaba!" alisema. "Mama yangu angeiona hii, Mungu wangu, angeiona hii."

Bibi Harriet alikuwa ameishika simu karibu na pua. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Caritas akaomba toba kimoyomoyo kabla hajatambua kwamba bibi naye amekwisha. Alicheka bila sauti, machozi yanamtiririka, anapiga meza kwa kiganja. Alipopata pumzi alilisogelea jiwe lile la kwenye picha, akaliambia, "Pole, baba. Pole sana." Lorraine hakujua maana ya neno hilo lakini lilimmaliza kabisa. Vikongwe wawili waliokuwa wametengana tangu vitani walishikana mikono juu ya meza wakicheka kama wasichana waliofukuzwa darasani, na Caritas akajikuta anacheka pia, kwa woga uliokuwa unamtoka, mpaka mbavu zikamuuma.

Walipotulia njaa iliwashika wote, kama inavyokuwa baada ya kulia. Lorraine alichukua mkate, na kabla ya kuumega alisema maneno mafupi kwa lugha ambayo Caritas hakuijua. Aliyasema haraka, kwa mazoea, jinsi mtu anavyosema karibu.

Bibi Harriet alishtuka. Akayasema naye, kwa sauti ndogo, hadi mwisho.

"Umejifunza wapi?"

"Ni ya baba," Lorraine alisema. "Mama alikuwa akisema baba hagusi mkate bila kuyasema. Hakuyaelewa, ila aliyashika jinsi alivyoyasikia, akanifundisha. Tumeyasema siku zote. Nilidhani ni Kijerumani."

"Ni Kiebrania. Ni baraka ya mkate. Baba alitufundisha mezani, mimi na Reuben." Bibi alipangusa macho. "Kwa hiyo hakuacha."

"Hakuacha kitu," Lorraine alisema. "Ninyi ndio mliomwacha."

"Ndiyo," Bibi Harriet alisema.

Alisema hivyo tu, hakuongeza neno, na pengine ndilo lililofanya kazi kuliko mengine yote. Lorraine alitafuna mkate wake akiitazama ile picha.

"Babu amewekewa msalaba na watu waliomwonea huruma bila kumjua," alisema. "Baba aliwekewa na mtu aliyempenda na hakupata wa kumuuliza. Wote walipewa kwa moyo mzuri, na kwa wote wawili haikuwa alama yao." Akasukuma sahani kando. "Nipe kalamu. Lakini yale maua yasiguswe mpaka niyaone kwa macho yangu."

Kwa hiyo ikawa zamu ya Caritas kumweleza Mugisho ukweli wote, akiwa amesimama kwenye maegesho ya gari huko Amherst.

"Shemeji. Donc tuliweka musalaba juu ya Muyuda?"

"Mliweka, shemeji."

"Na ile majiwe?"

"Ni salamu za ndugu zake."

Mugisho aliguna. Nyuma yake alisikika Goreth akisema kwamba hata Bwana Yesu alikuwa Myahudi, na msalaba hakuuchagua, na kwa nini hakuna mtu mwenye kichwa katika familia hii aliyewaza hivyo mapema. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kwamba Caritas ameacha kanisa. Sasa walisema kwamba Caritas anapatanisha Wayahudi, nayo habari hiyo ilinenepa njiani kama ile ya kwanza.

Ile picha ilikubaliwa hivyo hivyo, maana herufi za Kiebrania zilisomeka katikati ya mawaridi; marumaru ilichongwa, ikawa tayari majira ya kuchipua. Siku ya kuiweka, watu wa kule Ufaransa waliahidi kuonyesha kila kitu kwa simu ya video. Lorraine alisema kama ni kuangalia, ataangalia akiwa mbele ya babu yake, amwone anavyopokea. Basi wakakutana Louisville, asubuhi yenye jua. Lorraine alikuja kwa ndege akiwa amevaa koti jekundu. Caritas na Sylveri walimleta Bibi Harriet kutoka Columbus. Kwaya ilikuwa imeshafika, safari hii bila sare, na Mugisho alikuwa amebeba mfuko wa mawe begani, kilo kadhaa, mawe ya bustani meupe aliyoyanunua dukani, kwa sababu alitaka kurudisha salamu zote na hakukumbuka zilikuwa ngapi. Bibi Harriet alimwambia moja lingetosha. Mugisho alisema hapana, mama, sisi tulichukua nyingi. Wakayapanga yote. Jiwe la Mzee Mendel halijawahi kuzuriwa na watu wengi hivyo. Lorraine aliufungua ule msalaba wa mawaridi waya kwa waya, akaukunja, akautia kwenye begi lake, akasema utakaa sebuleni kwake.

Kisha Mugisho akainua simu juu ili wote waone. Kule ilikuwa alasiri. Kulikuwa na nyasi za kijani, na misalaba, na katikati ya misalaba nyota moja mpya, nyeupe kuliko majirani zake. Fundi alikuwa amepiga goti anapakaza mchanga wa pwani ndani ya herufi za jina ili lionekane, na lilionekana: Reuben. Bibi Harriet alilisoma kwa sauti, kama anayeita mtu aliyeko chumba cha pili.

Rabi wa kule, kijana mwenye miwani, alifungua kitabu chake cha sala. Alieleza kwamba katika sala hii marehemu huitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Akauliza baba wa marehemu anaitwa nani.

Bibi Harriet alifungua kinywa, na sauti haikutoka. Alijaribu tena. Miaka yote hiyo ameingojea siku hii, na sasa imefika, amelia hadi sauti imekauka. Caritas alimshika bega, akamtazama Lorraine, na kila mtu pale akamtazama Lorraine, ambaye alikuwa anaangalia lile jiwe la babu yake na mawe yake meupe.

"Mendel," Lorraine alisema. Akarudia kwa nguvu, simu isikie vizuri. "Reuben, mwana wa Mendel."

Rabi aliimba sala, akaliita jina jinsi alivyoambiwa, baba na mwana pamoja, na kwaya ya Kikongo iliyosimama Louisville ikasema amina mahali palipofaa na mahali pawili ambapo hapakufaa. Ilipokwisha hakuna aliyesogea. Walikuwa wanamtazama Bibi Harriet. Alipenga kamasi, akakunja leso vizuri, akamgeukia Caritas.

"Lile neno lenu," alisema. "La kumaliza."

"Kuanua, bibi. Tumeanua matanga."

"Tumeanua," Bibi Harriet alisema. "Basi twendeni tukale."

Na wakaenda kwa Goreth, ambako kulikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kutosha kulisha kwaya mbili.